Mwalimu wa Kwaya na Duka la Ukungu

Jumapili, katikati ya Julai 2019. Asubuhi majani ya uwanja wa nyuma yalikuwa meupe kwa baridi, na bomba la nje lilikataa kutoa maji mpaka nikalimwagia ya moto. Baadaye jua likatoka, lile jua la mwezi wa saba linalong'aa sana na kupasha kidogo. Upepo haukuwepo. Kwa haki, ilikuwa siku nzuri.

Nataka kuandika habari za Mwalimu wa kwaya. Sina uhakika kama mimi ndiye mtu wa kuziandika. Shule yangu iliishia darasa la saba kule Kigoma, na muziki naujua kama ninavyoujua umeme: upo au haupo. Lakini nimeimba sauti ya pili chini yake tangu 2015, sare za kwaya nimezishona mimi, na naona watu wa kanisani wameshaanza kumgeuza hadithi. Wengine wanamsimulia kama kichekesho. Wengine wanamsimulia kama mtakatifu aliyeonewa. Kichekesho si kweli yote, na mtakatifu si kweli hata kidogo.

Alikozaliwa na ukoo wake siandiki. Ameulizwa mara nyingi, na hujibu "Huko," akionyesha kaskazini kwa kidevu. Ukiwa hapa Troyeville, Joburg, kaskazini ni Afrika nzima.

Tunamwita Mwalimu kwa sababu ya kwaya tu. Kazi yake ni kinyozi. Kibanda chake kiko Bertrams, kinagusana ukuta na cha fundi viatu, karibu na uwanja mkubwa wa mpira, na siku za mechi vichwa huja kwa wingi. Vinyozi wengine ukutani wana bango la mitindo ya nywele. Yeye pia analo, ila juu yake amebandika majalada matatu ya santuri, matupu, bila santuri ndani. Ni ya bendi moja ya Waitaliano ambayo sijawahi kukutana na mtu mwingine anayeijua. Jina lake, anavyolitafsiri yeye, ni Duka la Ukungu. Santuri zilikuwa za padri Mwitaliano aliyefundisha useremala kwenye misheni ya huko kwao. Padri alipohamishwa alifunga santuri kwenye blanketi akaondoka nazo, akamwachia majalada pamoja na kaseti alizonakili.

"Hukuona ajabu?" nilimuuliza. "Akupe ganda aondoke na ndizi?"

"Kila mtu alibeba nusu, Mama Neema. Ni haki vile."

Kaseti zilipokaribia kufa, Msomali mmoja mwenye duka la simu Mayfair alizihamishia kwenye flashi. Kwa hiyo bendi nzima sasa iko kwenye kitu kidogo kama ukucha, na Mwalimu hukivaa shingoni, hata akioga nadhani. La kuoga sikuliona, nalitoa.

Bendi ilitoa santuri tatu kisha ikapotea. Naeleza kama nilivyoelezwa, na nimeelezwa sana, maana mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi na wembe uko shingoni hana pa kwenda.

Katika santuri ya kwanza kuna vinanda viwili na filimbi. Wimbo mmoja unajaza upande mzima. Mapigo yake ni saba, si manne kama ya watu wote, kwa hiyo kila ukidhani umefika nyumbani kuna ngazi moja bado. Kwenye jalada vijana watano wamesimama kwenye ukungu, nywele mpaka mabegani. Katika ya pili mpiga filimbi hayupo. Limeingia gitaa, na sauti imekuwa ya mtu anayesukuma makabati ghorofani usiku wa kuhama. Mwalimu anaiita "ya hasira" na anaiheshimu. Katika ya tatu wamekata nywele, wamevaa makoti meupe, nyimbo ni fupi, mapigo ni manne, unaweza kuicheza harusini. Hiyo alikuwa haipigi dukani.

"Siku walikata nywele," husema, "walikata na ngoma."

Mume wangu, Baba Neema, ambaye ni mlinzi na hupenda kuuliza, alimwambia, "Lakini Mwalimu, na wewe ni kinyozi."

"Nakata za watu. Za bendi ziachwe."

Siku nyingine kijana wa Kizulu aliingia, akaonyesha jalada la tatu kwa kidole, akataka anyolewe kama yule wa katikati. Mwalimu akamnyoa vizuri kabisa, lakini kama yule wa pembeni.

Baba Neema mwenyewe yalimkuta. Alikwenda kunyolewa kabla ya zamu, umeme ukakatwa kwa mgao, mashine ikafa, spika ikafa, kichwa kikiwa nusu. Akasema, "Basi malizia kwa mkasi, nachelewa." Mwalimu akainua kitana. "Ngoja kwanza. Filimbi haijaingia." Akaendelea na wimbo kwa mdomo: vinanda vyote viwili, kisha ngoma kwa kitana kwenye mgongo wa kiti, kisha filimbi kwa kupuliza kati ya meno. Alipofika mwisho zamu ilikuwa imeshaanza. Baba Neema alilinda geti na kofia yake ya kazi imevutwa mpaka kwenye nyusi. Alinuna juma zima. Lakini nimemsikia mara kadhaa akioga, anapuliza ile filimbi kati ya meno, na anaipata.

Kuna siku nilimpeleka Mwalimu kwa mzee Mwitaliano mwenye duka la vigae upande wa Bezuidenhout Valley, ambaye nilikuwa nimemshonea mke wake mapazia. Mwalimu alinisumbua miezi: lazima yule mzee anaijua bendi, anatoka kwao. Alivaa suti. Akaweka simu mezani juu ya vigae, akapiga santuri ya kwanza, akasimama kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Mzee alisikiliza kwa adabu, kidogo. Akasema hajawahi kuisikia, kwamba yeye hupenda nyimbo za zamani za mapenzi, na kwa nini Mwalimu hasikilizi muziki wa kwao.

"Ndiyo huu," Mwalimu akamjibu.

Tulipotoka nilidhani ameumia. Kumbe alikuwa anamhurumia. "Maskini," alisema tukisubiri robot, yaani taa ya barabarani, iwe ya kijani tuvuke. "Ametoka kwao mbali sana."

Sasa kwaya. Mazoezi ni Jumamosi mchana, na yeye aliyekuwa mkali kuliko askari kwa habari ya mapigo alichelewa kila Jumamosi ya Mungu. Akishaingia hasalimii, anaanza na alichokisikia njiani. "Sauti ya pili, mnaimba kama mnaomba ruhusa." "Besi, mnabeba jeneza? Nani amekufa?" Mmoja wetu akikosea alikuwa anasimamisha wote, anafikiri, kisha anasema, "Rudieni lile kosa wote pamoja." Tulirudia. Alisema kosa la mtu mmoja ni kosa, la watu wote ni mtindo. Nyimbo zetu mbili nzuri zilipatikana hivyo, na moja ni kosa langu, ingawa huenda alisema vile kunifariji.

Alibadilisha sauti ya kwaya kufuata santuri aliyokuwa anaisikiliza. Mwaka wa kwanza tuliimba polepole, sauti zinapandana kama vinanda. Kukawa na miezi ya makabati, kwaya nzima inanguruma, mpaka mchungaji akauliza kwa upole kama tumekosana na mtu. Kisha akarudi kwenye ya kwanza, na safari hiyo akatuletea saba zake.

Sitaki kutia chumvi niseme kwaya ilikuwa nyumba yake. Nyumba anayo, chumba uani Bertrams, kina dirisha. Lakini mji huu unamwita "my friend" asubuhi na "wewe" jioni. Mahali pekee ambapo watu walinyamaza kwa sababu ameinua mkono ni pale mbele ya kwaya. Ndicho alichokuwa nacho, na ndicho kilichokuja kuwa hatarini.

Ilianza na harusi. Mama Furaha, kiongozi wa wamama wetu, mtu wa Bukavu, alikuwa anamwoza bintiye. Kwa Wakongomani bibi harusi haingii hivihivi. Shangazi na mama wadogo hupanga mistari miwili, kitenge kimoja wote, wanaingia kwa hatua walizofanyia mazoezi wiki nyingi: kulia, kushoto, geuka, inama. Wao walifanya mazoezi sebuleni kwa Mama Furaha na wimbo wa kwenye simu. Sisi tulifanya kanisani na Mwalimu. Hakuna aliyefikiri kuwaweka pamoja, maana miguu ni ya wamama na sauti ni za kwaya, ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Mwalimu akawapa saba.

Ulikuwa wimbo mzuri. Nasema kwa haki: nimeimba nyimbo nyingi, ule ulinisimamisha vinyweleo. Lakini mtu akitembea kwenye saba, wimbo ukirudi mwanzo, mguu uliokuwa wa kulia sasa ni wa kushoto. Shangazi wa mbele aligundua akajisahihisha. Wa pili hakugundua. Wa tatu aliwaangalia wote wawili. Pale mlangoni mistari ikaingiana kama vidole, beseni la zawadi likaenda upande wake, mtu akakanyaga shela, na shangazi mmoja mnene akateguka kifundo cha mguu. Vitenge nilivishona mimi, na lazima niseme vilikuwa vimebana magotini, kwa kuwa ndiyo mtindo waliotaka. Mwalimu alikuwa ametupa uso sisi, mgongo kwa mlango, macho amefumba. Aliona baada ya ubeti wa tatu.

Mama Furaha alimngojea nje. "Mwalimu weye! Ulitaka mutoto yangu aolewe ao avunjike muguu?"

"Mama, ilikuwa saba. Kama wangehesabu..."

"Saba ya nini? Mutu iko na miguu mbili! Mungu alitupa mbili!"

"Na Mungu uleule aliumba juma ya siku saba, mama. Na juma inatembea."

Watu walicheka, na hapo ndipo alipojiharibia. Angeomba radhi tu yangekwisha. Lakini Mama Furaha ana uchungu wake, alikuwa amelia wiki nzima kwa furaha ya ile harusi, na sasa watu wanacheka.

Baraza la kanisa likaitishwa. Mchungaji wetu ni mtu mpole aliyechoka. Alisema, "Mwalimu, watu wanataka kumtolea Mungu wakicheza. Wasaidie." Pasaka makanisa ya Waswahili ya upande huu yote yangekuja kwetu. Wimbo wa sadaka uwe wa kutembea. Mstari wa sadaka ukivurugika mbele ya wageni, kwaya anachukua Divine. Divine ni binti wa sauti ya kwanza, amekulia hapahapa Joburg, anasoma chuo na kupiga kinanda.

Wakaniuliza na mimi, kwa kuwa ni wa zamani. Nikasema wimbo ulikuwa mzuri na mguu ulikuwa umevimba, vyote nimeviona. "Huyu," Mama Furaha akasema, "iko mizani ya sokoni. Weka kitu huku, weka huku, yeye anatetemeka tu katikati." Nilikaa. Hata sasa sijui ningesema nini kingine.

Wiki ile nilimpelekea Mwalimu koti lake la kazi nililotia kiraka. Mlango ulikuwa umerudishwa, na ndani muziki nisioujua: mfupi, mtamu, mapigo manne. Nikachungulia. Mwalimu alikuwa anafagia nywele za watu, na fagio lilikuwa bibi yake wa kucheza naye.

"Hiyo ni ipi?"

Alizima haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Ya tatu. Nilikuwa naichunguza."

"Unaichunguza kwa kiuno?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo. Akasema ameichunguza hivyo tangu zamani, asubuhi kabla ya kufungua.

"Ni mbaya?"

"Ni nzuri, Mama Neema. Hilo ndilo linaniuma. Ingekuwa mbaya ningeisamehe."

Nilimwambia basi awatungie watu wa Pasaka kitu cha namna hiyo. Akarudi kufagia. Lakini Jumamosi alikuja mapema, jambo ambalo lilitutisha, akatupa wimbo mpya wa sadaka. Mapigo manne, safi, hata Neema wangu anayejibu kila kitu kwa Kiingereza aliuimba kwa Kiswahili akiosha vyombo.

Pasaka kanisa lilijaa mpaka barazani. Sadaka ikaitwa, Mwalimu akainua mkono. Alishika yale mapigo manne kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa juu ya zulia la watu. Hakumwaga hata tone. Mstari haukuvurugika. Watu walitembea wakatoa, wakarudi wakakaa, kama foleni ya zahanati. Hakuna aliyecheza. Wimbo ulikuwa sahihi kabisa na ulikuwa umekufa, na sisi tuliokuwa tunautazama uso wake tulijua umefia wapi.

Mchungaji alimpongeza. Mama Furaha mwenyewe alikuja, akamwambia, "Asante, Mwalimu. Hakuna mutu alianguka." Nadhani alimaanisha wema.

Alishinda, kwa hiyo kwaya ilibaki yake. Jumamosi iliyofuata tulifika tukangoja. Nje kulikuwa na fujo ya teksi, barabara zimefungwa, na yeye kama kawaida hakuwepo. Divine akakaa kwenye kinanda, akasema, "Eish, tusikae bure. Tuupige wa Pasaka." Akaupiga. Mapigo yaleyale, maneno yaleyale, ila yeye hakubeba ndoo, alikuwa anamwaga kila mahali. Besi wakaanza kuyumba. Mimi niliacha mkoba ukaanguka na sikuuokota.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Sijui alisimama muda gani. Tulipomwona, Divine akatoka kwenye kiti haraka. "Samahani, Mwalimu, tulikuwa tunakusubiri."

"Kaa," alisema. "Ule ubeti wa mwisho, urudie mara mbili. Wanataka kurudia."

Kisha akaenda kwa mchungaji, akamwambia kwaya ni ya Divine. Mchungaji akamkumbusha kwamba mstari haukuvurugika, masharti yametimia. Akajibu, "Ndiyo, mchungaji. Nimefaulu mtihani wa mtu mwingine." Kuna wanaosema alifukuzwa. Hakufukuzwa. Kuna wanaosema aliondoka kwa kiburi. Kiburi anacho, lakini siku ile sikukiona.

Baada ya hapo hakuja kanisani karibu miezi mitatu. Dukani alinyoa kimya, bila muziki wowote, na Baba Neema alisema ni kama kunyolewa na daktari. Divine hakuzitupa saba zote. Alimwomba Mwalimu ruhusa, akaziweka kwenye wimbo wa toba, ambapo watu wamekaa na hakuna mguu wa kuteguka.

Leo amekuja. Aliingia wakati wa matangazo, na ile suti, akakaa mstari wetu, kati yangu na Baba Neema. Wimbo wa toba ulipoanza nilimwangalia mikono. Aliikalia.

Sadaka ikaitwa. Divine akapiga ule wa Pasaka, safu ya kwanza ikanyanyuka ikicheza, ya pili, mpaka yetu. Mwalimu akasimama, akatoka kwenye njia, na hapo akakwama. Miaka yote hii yeye alikuwa mbele, amewapa kisogo watu wanaotembea. Sadaka yake hukusanywa baadaye kwa bahasha. Hajawahi hata siku moja kwenda kwenye kikapu kwa miguu yake. Hizo hatua ambazo mtoto wa miaka minne anazijua, yeye hazijui. Alikwenda kulia watu wakienda kushoto. Akajisahihisha, akawa wa kushoto watu wakienda kulia. Nyuma yake watu wakaanza kusongamana. Nikamwona jasho, na baridi yote ile.

Mama Furaha alikuwa anarudi kutoka mbele. Akasimama mbele yake. Wakati wake wa kulipiza ulikuwa umefika, na kanisa zima linatazama.

Akamshika mkono. "Kulia, Mwalimu," akasema. "Bon. Sasa kushoto. Usitazame chini, miguu haiendi popote. Kulia." Akarudi naye kinyumenyume mpaka kwenye kikapu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusimama, na mama mzima yule, na viatu vya visigino. Divine aliona, akaurudia ubeti wa mwisho tena na tena mpaka walipofika. Hawakuwa wazuri. Kwa haki, walikuwa wabaya sana. Watu walipiga vigelegele.

Nje Baba Neema hakuweza kujizuia. "Mwalimu, kumbe huwezi?"

"Nilikuwa nawasikia tu mkija. Mlikuwa mnasikika kama ni rahisi." Akajifuta shingo. "Mama Neema, Jumapili ijayo wimbo wa sadaka ni uleule?"

"Nadhani. Muulize Divine."

Akaenda kumuuliza. Alisimama kwenye foleni ya watoto waliokuwa wanataka kugusa kinanda, akangoja zamu yake.

Jioni alikuja kwetu. Tumekula ugali, dagaa wa Kigoma aliowaleta binamu yangu kwa basi, na spinachi, kwa sababu sombe, majani ya muhogo, lilikuwa limekwisha dukani. Neema alikula mkate kwa kuwa dagaa wana macho. Mwalimu aliongeza mara mbili, na ukoko akaumaliza yeye.